Mwenye Mlango: Kipakiaji cha Java na Historia ya Roboti za Michezo, 2001–2018

Makala haya yanachunguza historia ya programu ndogo iliyozua ugomvi mkubwa: kipakiaji cha Java kilichotengenezwa na wachezaji ili kufungua mchezo wa mtandaoni mahali pa kile kilichotolewa na kampuni, na hivyo kuiwezesha roboti kucheza badala ya mtu. Neno linalotumika hapa ni roboti, kwa kuwa boti, kwa watu wa Ziwa Victoria kuanzia Bukoba hadi Muleba, ni chombo cha majini wala halihitaji maana ya pili. Hoja inayotetewa ni kwamba kipakiaji hicho hakikuzaliwa na kasoro ya Java. Kilizaliwa na sifa iliyowekwa kwa makusudi katika lugha hiyo, na ugomvi uliofuata ulihusu ruhusa zaidi ya ufundi: nani mwenye haki ya kuamua ni msimbo gani unaoingia katika programu inayoendeshwa ndani ya kompyuta ya mtu mwingine?

Java ilitangazwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995. Programu yake haiingizwi kwenye kumbukumbu ya kompyuta yote kwa mkupuo. Imegawanywa katika vipande viitwavyo klasi, na kila klasi huletwa inapohitajika, kwa kutajwa jina lake. Anayeileta ndiye kipakiaji. Wabunifu wa Java walimruhusu mtayarishaji yeyote wa programu kuandika kipakiaji chake mwenyewe, kitakachochukua klasi kutoka kwenye diski, kwenye mtandao au popote pengine. Bila uhuru huo apleti zisingewezekana, yaani zile programu ndogo zilizosafiri kutoka kwenye seva na kuendeshwa ndani ya kivinjari bila kusakinishwa.

Mchezo wa RuneScape, uliofunguliwa Januari 2001 na ndugu Andrew na Paul Gower wa Cambridge, Uingereza, ulikuwa apleti ya namna hiyo. Mchezaji alihitaji kivinjari chenye Java tu. Alifungua ukurasa, klasi zikateremka, naye akaingia katika nchi ya kubuni yenye maelfu ya watu wanaokata miti, kuvua samaki, kuchimba madini na kupigana. Ustadi katika kila kazi hupimwa kwa ngazi, na ngazi ya 99 hudai pointi 13,034,431. Gogo moja la mti uitwao willow huleta pointi 67.5. Kwa hesabu ya haraka, aliyetegemea mti huo peke yake angehitaji magogo zaidi ya 193,000. Si ajabu basi kwamba watu walitafuta msaidizi asiyechoka. Mchezo ulioigeuza kazi ya kujirudia kuwa heshima ulikuwa umekwisha kuwaandalia waandishi wa roboti soko.

Roboti za mwanzo, kama AutoRune na baadaye SCAR, zilifungua njia mbili zilizodumu. SCAR ilisoma rangi za kioo cha kompyuta. Ilitafuta mahali penye rangi ya mti, ikasogeza kipanya na kubofya. Njia hiyo haikugusa mchezo wenyewe, lakini ilikuwa kama kuvua kwa kutazama mawimbi tu. Njia ya pili ilitaka kuingia ndani ya programu na kuuliza moja kwa moja: mchezaji yuko wapi, mfuko wake umejaa kiasi gani, mti ulio karibu ni upi? Hapo ndipo kipakiaji kilipohitajika.

Utaratibu wake unafaa kuelezwa, kwa sababu mashauri ya baadaye hayaeleweki bila huo. Apleti haijui kama iliyoipokea ni kivinjari au ni kitu kingine kinachojifanya kivinjari. Kipakiaji cha roboti kilisoma ukurasa wa mchezo, kikachukua vigezo vilivyoandikwa humo, kikateremsha faili yenye klasi zote, kikaunda kitu kutoka katika klasi kuu, kikakikabidhi vigezo vile kana kwamba ni kivinjari, kisha kikaita amri mbili za kawaida za apleti, ya kuandaa na ya kuanza. Mchezo ukafunguka. Tofauti ni kwamba sasa ulifunguka ndani ya nyumba ya roboti, na kila klasi ilipita mikononi mwa roboti kabla ya kufanya kazi.

Kutoka hapo palikuwa na chaguo mbili. Uakisi ni uwezo wa programu ya Java kujitazama na kusoma maeneo ya data yaliyomo katika klasi nyingine wakati programu inaendelea kufanya kazi. Uchomekaji ulikwenda mbali zaidi, kwani ulibadilisha msimbo wenyewe wa klasi kabla haujapakiwa, kwa kuongeza milango midogo ambayo roboti ingeitumia kuuliza na kujibiwa. Baadhi ya roboti zilibadilisha hata klasi ya Java inayochora picha, ili ziweze kuchora maandishi yao juu ya mchezo. Jagex, kampuni yenye RuneScape, ilijibu kwa ufumbaji: majina yote yenye maana yalifutwa na kuwekwa herufi tupu, na kila toleo jipya lilizichanganya upya. Waandishi wa roboti nao wakabuni visasishaji, programu zinazotambua klasi kwa umbo lake badala ya jina: ina maeneo mangapi ya namba, inarithi kutoka kwa nani, inaita nini. Jina likifichwa, umbo hubaki.

Hali ya Afrika Mashariki inatoa ulinganisho ambao historia za mchezo huu hazina sababu ya kuutafuta. Katika miaka hiyohiyo Java ilifika kwa watu wengi wa eneo hili kupitia simu za mkononi, kama zile za Nokia, zenye michezo midogo iliyohifadhiwa katika faili za JAR. Simu hizo zilifuata viwango vya CLDC, vilivyokataza kabisa kipakiaji kilichoandikwa na mtumiaji na visivyokuwa na uakisi. Hivyo, mtu wa kata ya Ngenge wilayani Muleba aliyeshika simu ya Java na kijana wa Ulaya aliyekaa mbele ya kompyuta walikuwa na lugha moja yenye historia mbili. Kwenye simu, mlango uliozaa roboti ulizibwa tangu mwanzo. Ulizibwa kwa ajili ya usalama na kwa sababu kumbukumbu ya simu ilikuwa finyu. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa kwamba mtumiaji alipokea programu kama ilivyofungwa, akaicheza au akaifuta.

Mbinu ileile iliyozibwa kwenye simu ilitumika kwa heshima kamili katika hospitali. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioandikwa kwa Java na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, una kipakiaji chake maalumu cha klasi. Hicho huwezesha kituo cha afya kuongeza moduli yake bila kuandika mfumo upya. Kwa upande wa ufundi, kinachofanyika pale na kinachofanywa na roboti ni ndugu wa karibu. Kinachovitenganisha ni kwamba OpenMRS iliwaalika watu wa nje kuleta msimbo wao, ilhali Jagex haikumwalika mtu.

Tena Jagex ilikuwa na sababu. Bidhaa za mchezo ziliuzwa kwa fedha halisi, na wauzaji hao walitumia roboti kuzizalisha. Kwa hiyo kampuni ilizuia biashara huria kati ya wachezaji, hatua iliyowaudhi wengi ambao hawakuwa na roboti wala kosa. Biashara hiyo ilirudishwa Februari 2011, na roboti zikafurika. Mchezaji aliyetumia miezi kufikia ngazi ya juu aliona thamani ya samaki na magogo yake ikishuka kwa sababu ya mashine zisizolala. Dhara hilo ni la kweli, na maandishi yanayowasifu watengenezaji wa roboti kama wapigania uhuru hulipita kimya.

Mahakama ziliombwa kuamua mambo ambayo sheria haikuwa imeyawazia. Katika shauri la MDY dhidi ya Blizzard, lililohusu roboti iitwayo Glider ya mchezo wa World of Warcraft, Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ya Marekani iliamua Desemba 2010 kwamba kuvunja masharti yanayokataza roboti si, kwa hilo pekee, kuvunja hakimiliki. Hata hivyo iliona kwamba kusambaza chombo cha kukwepa kinga ya kiufundi ya mchezo ni kosa chini ya sheria nyingine. Jagex yenyewe iliwashtaki Impulse Software, watengenezaji wa iBot, katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts. Agosti 2010 mahakama ilikataa kutoa zuio la awali. Shauri lilimalizika mwaka 2012 kwa faida ya Jagex, lakini kufikia wakati huo mapambano makubwa yalikuwa yamekwisha kufanyika nje ya mahakama.

Msomaji wa Kagera ataona kitu anachokifahamu katika hoja za pande hizo. Chini ya nyarubanja, mkulima aliishi katika kibanja na kukitunza, lakini masharti yalitoka kwa bwana wa ardhi. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanza kuwakomboa wapangaji hao. Ulinganisho huu una mipaka yake, kwani mchezo si chakula na hakuna aliyezaliwa ndani ya RuneScape. Hata hivyo swali linafanana. Kompyuta ni mali ya mchezaji na umeme analipa yeye, ilhali programu inayoendeshwa humo amepewa kwa leseni tu, na mwenye leseni anadai kuamua nani aitazame kwa ndani.

Tarehe 25 Oktoba 2011 Jagex ilibadilisha muundo wa programu yake kwa mfumo ilioupa jina la ClusterFlutterer. Roboti za uakisi na za uchomekaji zilikwama kwa siku moja, na kampuni ikatangaza kwamba imefunga akaunti zaidi ya milioni moja. Zilizosoma rangi tu hazikutegemea muundo huo. Mbinu duni ikawa imara kuliko ile bora.

Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumiliki au kusambaza bila uhalali kifaa, ikiwemo programu ya kompyuta, kilichobuniwa kwa ajili ya kutenda kosa. Kipakiaji kinachofungua mchezo katika kompyuta ya mwenyewe hakiingii kirahisi katika maneno hayo. Ni lazima kwanza ionyeshwe kwamba kuna kosa ambalo kilibuniwa kulitenda, na kuvunja masharti ya kampuni si lazima liwe kosa la jinai. Mwanasheria atakayeletewa jambo hili atalazimika kutenganisha kipakiaji na matumizi yake, kazi ambayo hata majaji wa Marekani hawakuifanya kwa urahisi.

Februari 2013 Jagex ilifungua Old School RuneScape kutokana na nakala ya mchezo ya Agosti 2007. Pamoja na mchezo wa kale ulirudi msimbo wa kale, ambao waandishi wa roboti walikwisha kuuzoea. Safari hii, hata hivyo, watu wengi walitengeneza vipakiaji bila kukusudia roboti. RuneLite, programu yenye msimbo huria, iliuchukua mchezo halisi kutoka kwa Jagex, ikauongezea milango kwa uchomekaji uleule, kisha ikampa mchezaji alama za ardhini, hesabu za pointi na picha zilizo wazi zaidi, huku yeye mwenyewe akibaki kuwa mbofyaji. Mei 2018 Jagex ilidai ifungwe, kwa hofu kwamba msimbo uliofumbuliwa na kuwekwa hadharani ungewafaa watengenezaji wa roboti. Wachezaji walilalamika kwa wingi. Siku chache baadaye kampuni ilirudi nyuma, pande mbili zikakubaliana kuhusu sehemu ya msimbo ambayo haitachapishwa, na RuneLite ikaendelea kupakia mchezo kwa mlango uleule ambao roboti ziliutumia.