Majumba ya Mji Mkongwe: Gharama iliyojificha ukutani

DESEMBA 25, 2020, sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash mjini Zanzibar, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa na kuua mafundi wawili. Jumba hilo lilikuwa katika ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Mwekezaji binafsi anayetaka kugeuza nyumba kongwe kuwa hoteli hukabili hatari ile ile, aghalabu kwa mfuko mdogo zaidi.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu zinazobebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, maji hulainisha kiini cha ukuta hadi ukafura na kupasuka. Ncha za boriti zilizozama ukutani huoza, ilhali anayetazama dari kutoka chini huiona nzima. Kwa hiyo makadirio yanayofanywa kabla ya kubandua lipu hayana budi kuwa ya kubahatisha.

Kosa linalorudiwa mno ni saruji. Hukauka upesi, na kwa muda ukuta hupendeza. Lakini saruji huzuia unyevu kutoka, na hatimaye lipu hubambuka ikiwa imeng'ang'ania vipande vya mawe. Chokaa huupa ukuta nafasi ya kupumua, ila hutaka subira na fundi anayeijua. Kwa aliyekopa benki, subira hiyo ina riba.

Tangu mwaka 2000 mji huo umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ujenzi huhitaji kibali cha mamlaka ya uhifadhi ya Mji Mkongwe, hivyo anayepanga kuongeza ghorofa ili apate vyumba zaidi vya wageni aulize kabla ya kulipa chochote.

Lipo pia suala la umiliki. Baadhi ya majumba yalitwaliwa na serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, mengine ni wakfu, na mengine yana warithi waliotawanyika hadi ng'ambo. Mrithi mmoja asiyetia saini anaweza kusimamisha kazi nusu ya njia, paa likiwa limekwisha kuezuliwa na masika yanakaribia.