Mashine ya mganga, mashine ya msitu: tununue tronsonezi gani kwa salongo yetu?

Wapendwa wa asosiasyo, katika mkutano uliopita swali lilibaki hewani: kama tunaenda kwa salongo ya miti mara tatu ao ine kwa mwaka, tununue tronsonezi gani yenye bei tunayoweza? Mmoja alisema twende Birere, mwingine tungoje mizigo ya wafanyabiashara wa Butembo, mwingine tutafute ya zamani ya Mjerumani. Mimi nitajibu kwa njia ya historia, juu historia ya hii mashine njo inaonyesha ni kitu gani hatuwezi kukata kwenye bei.

Tronsonezi haikuzaliwa msituni. Mwisho wa karne ya 18, waganga wawili wa Scotland, John Aitken na James Jeffray, walitumia mnyororo mdogo wenye meno, wa kuvuta kwa mikono, kwa kukata mifupa na kufungua nyonga ya mama aliyeshindwa kuzaa. Karibu na mwaka 1830, Mjerumani Bernhard Heine akatengeneza kifaa cha mnyororo chenye kuzungushwa kwa mkono, nacho cha mifupa. Wakati huo miti iliendelea kukatwa na shoka, na msumeno wa watu wawili, ule ambao hata leo tunauona milimani kwetu, mmoja juu ya jukwaa na mwenzake chini anakula unga wa mbao.

Mwaka 1926, kule Stuttgart, Andreas Stihl alitoa msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp alijaribu wake wa esansi kwenye mlima Dolmar, Thuringia. Ulikuwa na kilo 58. Beba mfuko wa simenti, ongeza kilo nane, kisha ukate mti! Ilihitaji watu wawili. Mwaka 1950 Stihl alitoa yake ya kushikwa na mtu mmoja, kilo 16, na 1959 ikatoka Contra ya Stihl, kilo 12.

Lakini uzito haukuwa shida peke yake. Meno ya zamani yalikuwa kama ya msumeno wa kawaida, yanakwaruza mti, yanachoka haraka, kila saa lazima kunoa. Mwaka 1946, mkata miti wa Oregon anayeitwa Joseph Cox alikuta funza wa mdudu anatafuna gogo bila shida, kushoto na kuume, hata kukingama na nyuzi za mti. Akaangalia mataya yake, akaiga umbo lake kwa chuma: jino moja linakata kushoto, linalofuata kuume. Mwaka uliofuata alianza kuuza mnyororo huo, na mpaka leo karibu kila tronsonezi unayoona sokoni inakata kwa namna hiyo. Sisi wa agro tunafundishwa kuua funza kama hao. Kumbe mmoja alikuwa enjenya.

Kisha wakaona vidole vya wakata miti vinakuwa vyeupe na kufa ganzi juu ya mtetemo. Miaka ya 1960 wakatenganisha mikono na moteri kwa raba. Mwanzo wa miaka ya 1970 ikaja breki ya mnyororo. Hii tuielewe vizuri. Ncha ya juu ya upanga wa mashine ikigusa mti, mashine yote inaruka kurudi usoni kwako, haraka kuliko unavyoweza kuwaza. Mkono unasukuma kinga ya mbele, mnyororo unasimama mara moja. Bila breki, unasimama kwenye shingo.

Sasa kwetu. Wapasua mbao wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambao mbao zao zinavuka mpaka mpaka Uganda na Kenya, wanapenda mashine kubwa za muundo wa zamani, zenye kupita sisi (cc) 100, nyingi bila breki. Hesabu yao ni sawa: inapasua gogo zima palepale, na fundi yeyote anaitengeneza. Lakini wao wanaishika kila siku. Njo maana shauri la "tununue ile ya wapasuaji" ninalikataa kabisa. Ni mashine iliyobaki mwaka 1965.

Kazi yetu ni kutoa mikaratusi michanga inayofunika miti ya asili tuliyopanda, kuondoa miti iliyoanguka njiani, na kusafisha njia ya kuzuia moto. Lantana haihitaji mashine, panga inatosha. Kwa hiyo sisi 35 mpaka 45, upanga wa sentimeta 35 ao 40, basi.

Kopi za bei ya chini sizikatai zote. Dukani, moteri ikiwa imezimwa, funga breki, vaa glovu, vuta mnyororo: ukitembea, rudisha. Tikisa mkono wa mashine uone kama raba ao springi ziko. Mbele ya kulipa, omba mnyororo wa pili wa kipimo kilekile na bujii; muuzaji akisema "itakuja wiki ijayo", toka. Ya okazyo ya jina kubwa ni nzuri pia, lakini fundi afungue egzosi aangalie pistoni: ikiwa na mikwaruzo, acha.

Na pesa zikitosha mashine tu, bila kofia ya kinga, suruali ya kinga na tupa ya kunolea, mimi nasema tusinunue. Tulipe mpasuaji siku moja, sisi tubebe misumeno ya mkono. Pale tunapofanyia salongo, hospitali iko mbali.

Mafuta: mashine nyingi za sasa zinataka mililita 20 za mafuta ya tu-tan kwa litre moja ya esansi, soma kitabu chake. Mafuta ya gari hapana. Kisha salongo, toa esansi yote kwenye tanki, juu ikilala miezi mitatu inaziba karbirateri.

Karatasi pia. Ndani ya parki ni ICCN anayeruhusu, nje tupite kwa chefu na watu wa mazingira. Gadi akikuta vijana kumi na tronsonezi hatajua kama sisi njo wenye kupanda.

Inabaki kujua nani ataiweka kwake. Tutaongea mkutanoni, ila isiwe kwa mtu mwenye shemeji anayeuza makala.