Kitu Gani Hufunga Jeraha?

Somo letu ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya tone la damu.

Tuseme mama mmoja wa Mpuguso anakata mkungu wa ndizi shambani, kisu kinateleza na kumkata kidole. Anakibana kwa kitambaa, anangoja dakika chache, damu inakatika, naye anaendelea na kazi yake. Siku nyingine jirani yake anajikata vile vile, jeraha dogo kama lile lile, lakini damu yake haikatiki. Kitambaa kinalowa, cha pili kinalowa, na jua linatua angali anatokwa na damu. Kwa nini?

Watu wa zamani walipoona jambo kama hilo, wengi waliuliza: "Nani amemfanyia hivi?" Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa Rungwe katika miaka ya 1930 wakaandika habari za Wanyakyusa, walieleza jinsi ugonjwa ulivyohusishwa mara nyingi na ugomvi: hasira ya majirani, au ya wazee wa ukoo. Wala si Rungwe tu. Katika nchi nyingi, Ulaya nayo ikiwamo, mtu alipougua, watu walimtafuta mchawi. Lakini swali la "nani" lina hasara yake. Huvunja ujirani, na huku mgonjwa anazidi kutokwa na damu. Historia ya leo ni ya watu waliouliza swali jingine: "Ni kitu gani?"

Miaka kama elfu moja iliyopita, mganga mkubwa wa Andalusi, katika nchi ya Hispania ya leo, aitwaye Al-Zahrawi, aliandika habari za kijiji ambako wanaume walikufa kwa majeraha madogo, kwa kuwa damu yao haikukoma. Yeye aliona na kuandika, lakini hakuwa na chombo cha kutazamia ndani ya damu.

Chombo hicho ni hadubini, ambayo hukuza vitu visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1882, Giulio Bizzozero, daktari wa mji wa Torino nchini Italia, alitumia hadubini kutazama damu ikipita katika mishipa myembamba ya wanyama wadogo walio hai, kama simbilisi. Aliona chembe nyekundu, akaona chembe nyeupe. Tena akaona vitu vya tatu, vidogo sana, bapa kama sahani. Wengine walikuwa wamekwisha kuviona, lakini hawakujua kazi yake. Bizzozero aliujeruhi mshipa kidogo, akatazama. Vile visahani vilikimbilia mahali penye jeraha, vikanata, vikashikana, vikaziba tundu. Ndivyo tuviitavyo leo chembe sahani.

Chembe hizi hutoka katika uboho, ndani ya mifupa. Kila moja huishi siku nane hadi kumi tu. Katika ujazo wa milimita moja ya damu, yaani tone dogo kuliko kichwa cha kiberiti, mtu mzima mwenye afya huwa na chembe sahani baina ya 150,000 na 400,000.

Kazi yake mwaweza kuifahamu kwa mfano wa mfereji uliobomoka kando. Watu hutupa kwanza mawe na magogo ya migomba ili kupunguza nguvu ya maji. Kisha hushindilia udongo, bomo likafungwa sawasawa. Chembe sahani ndizo mawe na magogo. Udongo ni nyuzinyuzi zinazotengenezwa na maji ya damu, ambazo huifanya damu igande. Mtu mwenye ugonjwa wa hemofilia ana chembe sahani za kutosha, ila udongo wake ni haba. Huenda wale watu wa Al-Zahrawi walikuwa na ugonjwa huo.

Je, mawe yakiwa machache? Mwaka 1910, huko Boston, Marekani, daktari William Duke alikuwa na wagonjwa waliotokwa na damu bila kukoma. Aliwatoboa ndewe ya sikio kidogo, akawa anaigusa damu kwa karatasi ya kunyonya kila nusu dakika, apate kujua itakatika baada ya muda gani. Aliona kwamba chembe sahani zao ni chache mno. Mmoja wao alipotiwa damu ya mtu mzima wa afya, chembe ziliongezeka na damu ikakatika. Baada ya siku chache zikapungua, na damu ikaanza tena. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa zile chembe ndizo zilizokuwa zikiokoa.

Na mawe yakiwepo, lakini hayashikani? Mwaka 1924, daktari Erik von Willebrand wa Finland aliletewa mtoto wa kike wa miaka mitano kutoka visiwa vya Åland. Baadhi ya ndugu zake walikuwa wamekwisha kufa kwa kutokwa na damu. Daktari alihesabu chembe sahani za mtoto, akazikuta hazikupungua. Basi alifuata ukoo mzima, akauliza habari za wazazi, mababu na mabibi. Akaona kuwa ugonjwa unarithiwa, na kwamba unawapata wanawake kwa wanaume. Mwaka 1926 alitangaza habari hizo. Katika miaka ya 1950 wataalamu waligundua kuwa wagonjwa hao wamepungukiwa na kitu fulani katika maji ya damu, ambacho huzinatisha chembe sahani kwenye jeraha. Lakini yule binti hakuuona wakati huo. Alikufa akiwa na miaka 13, kwa kutokwa na damu nyingi ya mwezi.

Ndugu zangu, mtu angeweza kusema kuwa ukoo ule umelaaniwa. Kumbe hapakuwa na laana wala mwenye kulaumiwa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1870 homa ya maungo ilienea Unguja. Daktari James Christie, aliyefanya kazi huko, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka homa kama hiyo ya mwaka 1823 hivi. Sikilizeni jina lenyewe: pepo. Hilo ni jibu la swali la "nani". Wataalamu wengi hudhani homa ile ilikuwa chikungunya, lakini leo jina la kidingapopo hutumika kwa homa ya denge. Homa hiyo ilisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Huletwa na virusi vinavyoenezwa na mbu aumaye mchana, nayo hupunguza chembe sahani. Kwa hiyo mgonjwa wa denge asipewe aspirini. Dawa hiyo huzizuia chembe sahani zisishikane, na chembe iliyozuiwa haiponi mpaka ife. Lakini aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache bila kumwuliza.

Basi, mkiona mtu anatokwa na damu puani mara kwa mara na kwa muda mrefu, au anavilia damu mwilini bila kugongwa, au binti anapata damu ya mwezi nyingi kupita kiasi, msimtafute mwenye kosa, wala binti asifichwe kwa aibu. Mpelekeni hospitali. Mwelezeni daktari kama katika ukoo wako wengine wenye hali hiyo. Na mwenye afya atoe damu, maana chembe sahani zilizotengwa kwa ajili ya wagonjwa hazikai ila siku chache.

Maswali ya darasa:
1. Bizzozero aliona nini mshipa ulipojeruhiwa?
2. Toeni tofauti kati ya mgonjwa wa Duke na mtoto wa Åland.
3. Je, katika kijiji chenu, mtu akiugua, watu huuliza kwanza "nani" au "kitu gani"? Zungumzeni faida na hasara yake.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.