"Lazima" na "Amri"

Katika miaka ya 1960, mkulima wa Mpale, katika nchi ya Korogwe, aliyeambiwa "uhamie kijijini" aliweza kujiuliza: ni ombi, shauri, au shuruti? Kiishio -e chabeba yote matatu. "Yapasa" lina sauti ya usia. "Huna budi" lasema pa kuepukia hapana. "Lazima" halimtaji mwenye kulazimisha. "Amri" sharti iwe na mwenyewe.

Mwaka 1967, katika Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alitaka watu washawishiwe, wasishurutishwe. Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini ni amri. Neno zito, lakini (nathubutu kusema) lilikuwa na uaminifu wake, maana lilimdhihirisha aliyeamuru. Tangu hapo hadi 1976, Operesheni Vijiji ilipokwisha, "uhamie" halikuwa tena na maana tatu.