Kidonge cha Prolaktini Kilitoka Kwenye Ukungu wa Nafaka (Sehemu ya 4)

Nilisema leo tutaongelea vidonge vya kushusha prolaktini, na wengi mmeniuliza swali lile lile: "Nesi, mbona hivi vidonge vinanitesa kuliko ugonjwa wenyewe?"

Nianze na dada mmoja niliyemhudumia. Hedhi ilikata karibu mwaka mzima, maziwa yanatoka na hana mtoto wa kunyonyesha. Maneno ya majirani mnayajua. Alipopima, prolaktini iko juu, akaandikiwa bromokriptini. Asubuhi akameza kidonge kizima, hajala kitu. Alipoinuka kwenye kigoda cha jikoni, kizunguzungu, akadondoka. Vidonge vyote akavitupa chooni.

Simlaumu. Hakuna aliyemweleza kidonge kile kimetoka wapi.

Huko Ulaya zamani watu wengi walikula mkate wa rai, nafaka jamaa ya ngano. Mwaka ukiwa wa mvua na baridi, masuke yake huota ukungu mweusi unaoitwa egoti. Aliyekula mkate wenye ukungu huo kwa wingi alihisi kuungua mwilini, vidole na miguu ikawa myeusi na hata kukatika, kwa sababu egoti inabana mishipa ya damu. Waliuita Moto wa Mtakatifu Antoni.

Lakini wakunga waliona jambo jingine: egoti inabana pia mfuko wa uzazi. Mwaka 1582 daktari Mjerumani, Adam Lonitzer, aliandika kwamba wanawake wanaitumia kuleta uchungu. Mwaka 1808 John Stearns wa New York akaisifu kwa madaktari wenzake kwamba inaharakisha uzazi. Haikupita miaka ishirini, watoto waliozaliwa wamekufa wakawa wengi, mpaka David Hosack akaonya kuwa unga huu ni wa mauti, utumike tu baada ya mtoto kutoka, kuzuia damu. Ndiyo maana hata leo sindano ya egometrini, iliyotokana na egoti hiyo hiyo, hatumchomi mama kabla mtoto hajatoka.

Sasa prolaktini yenyewe. Mwaka 1928, huko Strasbourg, Stricker na Grueter walichukua maji ya tezi ya pituitari, ile tezi ndogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, wakawachoma sungura, nao wakatoa maziwa. Mwaka 1933 Oscar Riddle na wenzake Marekani wakaipa homoni hiyo jina, wakitumia njiwa. (Njiwa, jike na dume, hulisha makinda kwa uji mweupe unaotoka kooni. Baba naye ananyonyesha, jamani!)

Ila kwa binadamu, wanasayansi walibishana miaka mingi kama prolaktini ipo kweli. Homoni yetu ya ukuaji nayo inaamsha maziwa kidogo, kwa hiyo hawakuweza kuzitenganisha. Mpaka 1970 na 1971 ndipo akina Frantz na Kleinberg kule New York, na Henry Friesen kule Kanada, walipoweza kuipima. Fikiria basi: bibi yako angepata shida ya dada yule, hakuna hospitali duniani ambayo ingeweza kumpa kipimo.

Dawa ilikuwa tayari inatengenezwa. Katika kampuni ya Sandoz, Basel, Edward Flückiger na wenzake walitafuta kitu kutoka kwenye egoti kitakachozuia prolaktini bila kubana mfuko wa uzazi. Wakapata bromokriptini. Inajifanya dopamini, ambayo ndiyo breki ya prolaktini. Tatizo, dopamini ina kazi nyingine: inagusa sehemu ya ubongo inayoleta kutapika, na inalegeza mishipa ukisimama. Kichefuchefu na kizunguzungu chako ni dawa ile ile ikifanya kazi mahali ambapo hukuituma.

Kwa hiyo tunaanza na nusu kidonge au chini ya hapo, usiku, ukiwa umekula, ukimeza unalala. Dozi inapandishwa polepole kama daktari alivyopanga. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, ndipo usimame. Dada yule alianza upya hivyo na akaendelea vizuri.

Ikikushinda kabisa, sema. Ipo kabagolini, inayomezwa mara moja au mbili kwa wiki. Utafiti wa mwaka 1994 wa wanawake 459 ulionyesha kuwa walioacha dawa kwa kushindwa kuivumilia walikuwa 3 katika kila 100 kwa kabagolini, na 12 kwa bromokriptini. Mwaka 2007 kulitokea hofu ya valvu za moyo, lakini ilihusu wagonjwa wa Parkinson waliomeza dozi kubwa kila siku. Ya prolaktini ni ndogo mno ukilinganisha, ingawa daktari bado anatakiwa kukufuatilia. Na ukianza kupata hamu isiyo ya kawaida ya kubeti au kununua vitu ovyo, mwambie. Usione aibu, ni dawa hiyo.

Jingine, dada: yai linaweza kupevuka kabla hedhi haijarudi. Kama hutaki mimba sasa hivi, usingoje kuona damu ndiyo uanze uzazi wa mpango.

Na wewe mama uliyefiwa na mtoto, maziwa yanakuja na unaumia mara mbili. Kuna mtu atakuambia ununue bromokriptini duka la dawa uyakaushe. Zamani ilitumika hivyo, mama akitoka tu kujifungua anapewa. Wakaanza kuonekana kina mama vijana wenye degedege, kiharusi, mshtuko wa moyo, wengine wakafa, na mwaka 1994 kampuni ikaacha kuiuza kwa kazi hiyo Marekani. Usijinunulie, pole sana mama. Vaa sidiria inayoshika vizuri, weka kitambaa cha baridi, kamua kidogo tu pale yanapouma, usiyamalize. Baada ya siku kadhaa yatapungua. Ukipata homa, au titi likiwa jekundu na gumu, njoo kituoni siku hiyo hiyo.