Haki ya Jamaa Kumtetea Mzee, Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya

Ni haki ya mwana, ndugu au mlezi kuuliza, kusema na kushtaki kwa niaba ya mkongwe anayetunzwa na wengine, akiwa katika makao ya wazee au penginepo. Garissa, Wajir na Mandera, ambako makao hayo si ada na ajuza huachwa katika bula (kitongoji) kwa binti yake hali vijana wamefuata mifugo malishoni, haki hii hudaiwa zaidi kwa chifu, kwa wakala wa benki na hospitalini.

Msingi wa sheria

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, humpa mzee, naye ni aliyetimiza miaka 60, haki ya kuishi kwa taadhima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Dola. Kifungu cha 22 humruhusu mtu kumshtakia asiyeweza kujishtakia mwenyewe. Itifaki ya Afrika ya haki za wazee ilipitishwa 2016.

Kitambulisho na Inua Jamii

Hapa ndipo penye dhiki kubwa. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa 2018 kwa waliotimiza miaka 70, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mzee asiyejiweza, au ambaye alama za vidole vyake zimefifia kwa kazi ya umri mzima, huandikisha mlezi wa kumpokelea. Lakini mlezi naye sharti awe na kitambulisho. Vijana wa Kisomali kwa miaka mingi walipigwa msasa na kamati kabla ya kukipata, na raia walioandikishwa ukimbizini Dadaab, kambi iliyoanza 1991, kwa ajili ya posho wakati wa ukame, walinyimwa kwa kuwa majina yao yamo katika daftari la wakimbizi. Hivyo mtoto mwema kabisa aliweza kukosa sauti ya kumdaia mamaye. Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, aliamuru msasa huo ukomeshwe.

Hospitalini

Jamaa ndiye mkalimani baina ya mgonjwa na daktari asiyejua Kisomali. Sheria ya Afya ya 2017 hutambua ridhaa ya mtu aliyeidhinishwa na mgonjwa kwa maandishi. Waraka huo ni nadra, kwani neno la mwana mkubwa limezoeleka kutosha, nao hauna budi kuandikwa mzee angali na akili timamu.