Deni Lisilo na Shahidi

Siku tuliyomzika baba, kule Tanga, kabla jeneza halijainuliwa ami alisimama mbele ya watu akasema maneno anayoyajua kila aliyewahi kuhudhuria maziko ya pwani: ndugu yetu ametangulia mbele ya haki, anayemdai chochote aje kwetu sisi jamaa zake. Baada ya khitma akaja mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Aliniita pembeni, akafungua daftari lililofungwa kwa mpira, akaniwekea kidole kwenye mstari: mifuko miwili ya saruji, tarehe, na sahihi ya baba, ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu. Nikamlipa. Akatoa kalamu mfukoni mwa kanzu, akaukata mstari ule, akanigeuzia daftari nione kwa macho yangu, ndipo akasema, "Haya mwanangu. Baba yako hadaiwi tena."

Mwaka huohuo dada yangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Columbus, Ohio, alinieleza deni lake la kadi. Nilikuwa nikidhani kadi ya mkopo ni kama kadi zetu za benki, unatoa pesa zako mwenyewe. Kumbe sivyo. Alikuwa anadaiwa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka. Kila mwezi benki ilimwandikia kiasi cha chini cha kulipa: riba ya mwezi, dola 100, pamoja na asilimia moja ya deni, dola 50. Alilipa dola 150 bila kukosa, na deni likapungua kwa 50 tu. Mwezi unaofuata kiasi hicho nacho hushuka kidogo, na mwendo unakuwa wa kinyonga. Tulikaa na kikokotoo, yeye kule mimi huku. Mtu akilipa hivyo, asinunue kwa kadi hata sindano, baada ya miaka mitano na miezi tisa atakuwa ametoa dola 7,500 hivi na bado anadaiwa 2,500. "Kaka," akaniambia, "hili deni halikutengenezwa liishe."

Neno hilo limenikaa moyoni, kwa sababu kila mila ya kale ninayoijua ilishughulika na jambo hilohilo: deni liishe, na liishe vipi. Sheria ya Hammurabi ilisema aliyemtoa mkewe au mwanawe atumikie deni, atumikie miaka mitatu, wa nne aachiwe. Huko Athens, mwaka 594 kabla ya Kristo, Solon alifuta madeni yaliyokuwa yakiwageuza raia kuwa watumwa. Taurati, katika Kumbukumbu la Torati, iliamuru maachilio kila mwaka wa saba. Watu wenye mali hawakuipenda amri hiyo, na mwaka wa saba ulipokaribia waliacha kukopesha, maskini wakabaki bila pa kukimbilia. Ndipo mwalimu Hillel alipobuni hati ya kuyakabidhi madeni mahakamani ili yasifutwe. Wapo wanaomlaumu. Mimi simlaumu: aliona kwamba mkopeshaji naye ni binadamu mwenye hofu, na kwamba mlango ukifungwa kabisa anayelala njaa si yeye.

Uislamu ulishika upande mwingine wa jambo hili, upande wa shahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Baqara, haihusu sala wala saumu. Inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Aya ya 280 inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi. Na katika Hadithi mashuhuri, Mtume hakumsalia maiti mwenye deni mpaka sahaba Abu Qatada alipojitokeza kulibeba. Yale maneno ya ami pale mbele ya jeneza yametoka huko. Deni la baba lilikuwa la saruji tu, lakini liliitwa kwa sauti, likaonwa, likakatwa.

Je, shahidi na mwisho vinatosha? Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, akaipa jina Mabepari wa Venisi. Wa kwenye jina la asili ni mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaandika mabepari, na nadhani alijua vizuri alichokuwa akikifanya. Hati ya Antonio na Shylock ina kila kitu: imeandikwa, imetiwa muhuri mbele ya mthibitishaji wa hati, ina mwisho wa miezi mitatu. Kilichokosekana ni ile aya ya 280. Muda ulipopita, Shylock akadai ratili yake ya nyama, na kilichomwokoa Antonio ni hoja kwamba hati imetaja nyama, haikutaja damu. Mahakama ya Venisi iliweka mpaka kwenye damu. Katika Tanzania ya leo watu wameipa mikopo ya wiki kwa wiki jina la kausha damu. Sidhani kama kuna mtaalamu aliyelitunga jina hilo. Ni jina la akina mama waliobebewa kochi na friji kwa sababu rejesho la Jumatano halikutimia.

Huku kwetu shahidi mwenyewe ameharibiwa. Programu nyingi za mikopo za simu humeza orodha ya namba zako, na siku ukichelewa, ujumbe unamfikia mkweo, bosi wako na mwalimu wa mtoto wako. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mzee wa saruji aliniita pembeni, daftari akalifungua mbele yangu peke yangu. Kumtangaza mtu na kumshuhudia ni mambo mawili, na anayeyachanganya kwa makusudi anafanya ukatili.

Kadi ya Marekani imekwenda njia ya tatu: haina shahidi kabisa. Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi zipatazo 60,000 kwa wakazi wa mji wa Fresno, California. Watu walizikuta kwenye masanduku yao ya barua, hawakuziomba. Kununua kwa mkopo halikuwa jambo geni. Lakini kadi hiyo ilimruhusu mtu kukopa bila kumtazama yeyote usoni, na kulipa kidogo huku deni likiendelea kuzunguka. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba benki inaweza kutoza riba ya jimbo lake hata kwa mteja wa jimbo jingine. Baada ya hapo Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi South Dakota, jimbo lililokuwa limeondoa kikomo cha riba.

Kwa hiyo haishangazi kwamba Wamarekani wanaotaka kutoka humo wamejitengenezea mashahidi. Dave Ramsey, aliyefilisika mwaka 1988 kisha akawa mhubiri mkubwa wa kuishi bila kadi, huwapokea katika kipindi chake cha redio watu waliomaliza kulipa, nao hupaza sauti nchi nzima isikie kwamba hawadaiwi. Hufundisha kuanza na deni dogo kuliko yote, hata kama kubwa ndilo lenye riba kali. Kwa hesabu tupu anakosea: ukianza na riba kali unaokoa pesa zaidi. Lakini mtu aliyechoka anahitaji kuona mstari ukikatwa mapema, na hapo namwunga mkono.

Dada yangu alifuata njia hiyo. Alikata kadi tatu kwa mkasi wa jikoni, akawa anatoa mshahara taslimu na kuugawa kwenye bahasha: chakula, nauli, umeme, mama. Huko wanadhani bahasha ni uvumbuzi. Bibi yetu alikuwa na mafundo kwenye pindo za kanga, pindo hili la sukari, pindo lile la mchango wa msiba, na fundo la msiba halikufunguliwa kwa ajili ya sukari hata siku moja. Haikuwa rahisi kwa dada yangu. Huko Marekani mwenye nyumba mara nyingi huisoma rekodi yako ya mikopo kabla ya kukupa ufunguo. Alilala kwenye chumba cha rafiki yake miezi minne zaidi ya alivyopanga.

Alipomaliza kulipa alipiga simu ya video. Nilikuwa kwa mama mdogo, barazani. Mama mdogo akamwuliza, "Na huyo aliyekuwa akikudai amesemaje?"

"Hakuna mtu, mama. Umekuja ujumbe tu, umeandikwa salio sifuri."

Mama mdogo alinyamaza. Kisha akaishika simu kwa mikono miwili, akaigeuza kuelekea kwa majirani waliokuwa wakichambua mchele, akamwambia, "Haya, sema tena. Sema hawa wasikie."